Mtungie pumzi yake: jibu kwa mpiga udi wa Langoni

Swali: "Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mpiga udi wa Langoni hapa Lamu, na nimetunga nyimbo za taarabu tangu ujana wangu. Mpwa wangu amekulia kwenye nai, ile filimbi ya mwanzi, akipuliza katika maulidi, na sasa ni mwaka wa 4 tangu apate fluti ya chuma na kufundishwa kusoma noti huko Mombasa. Ameniomba nimtungie kipande kipya atakachopiga peke yake ndani ya Ngome ya Lamu, bila udi, bila fidla, bila ngoma. Nimeandika mara tatu na kuchana mara tatu. Kila nikisikiliza nasikia kama wimbo ambao wenzake hawajafika. Nimekosea wapi?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu.

Umejijibu mwenyewe uliposema "wenzake hawajafika". Nimeisoma barua yako mara kadhaa na kila mara nasimama hapo. Nadhani kipande hiki ulikitunga udi ukiwa mapajani, hata kama juu ya ukurasa uliandika "fluti". Mpiga udi anapotafuta sauti mpya hugusa uzi mnene, ukalia chini, ndipo vidole vya mkono wa kushoto vinapoanza kutembea. Uzi ule ndio ardhi ya wimbo. Fluti haina ardhi hiyo. Hutoa sauti moja kwa wakati mmoja, na ikiiacha ya chini ili ipande juu, chini hapabaki mtu.

Kuna na tabia ya pili, nayo ni ya taarabu yenyewe. Mwimbaji akimaliza mstari, mtunzi huacha nafasi ili fidla zijibu. Umefanya hivyo miaka mingi hata huhisi tena kuwa unafanya. Ulipomwandikia mpwa wako, mkono ukaacha nafasi zile zile. Sikio la Mwamu limezoea jibu, na likikuta pengo hugeuka kumtafuta aliyechelewa.

Dawa yake si kuyaziba mapengo kwa noti nyingi. Wengi hufanya hivyo na kipande kikawa mbio tupu. Mfanye kijana ajijibu mwenyewe, kutoka mahali pengine pa ala ile ile. Fluti ina oktava tatu, yaani ngazi tatu za sauti. Ya chini, inayoanzia C ya kati, ni nzito na ina giza na hewa ndani yake. Ya pili ni safi, ndiyo sauti inayowajia watu wakisikia neno fluti. Ya tatu inang'aa na kukata. Mpigaji ni mmoja, lakini akihama oktava sikio humsikia kama mtu mwingine.

Jaribu hivi. Mpe D ya chini, aishike kwa utulivu hesabu ya nne, aache. Kisha, juu kabisa ya hapo, noti tatu fupi: A, B-flati, A. Arudi kwenye D ile ile, fupi zaidi. Apande tena, safari hii noti tano. Akirudi chini mara ya tatu msikilizaji tayari ana watu wawili kichwani, mzee asiyesema sana na kijana mwenye maneno, na hata D inaponyamaza anaendelea kuisikia. Johann Sebastian Bach aliijenga hivi kazi nzima ya fluti pekee katika karne ya 18, na wapigaji wanaipiga hadi leo bila mtu kuuliza wenzake wako wapi.

Sikuitaja D kwa kubahatisha. Noti zilizo chini yake, C na C-shapu, hupatikana kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia kubonyeza vitufe vya mwisho kabisa wa ala, nazo ni dhaifu, hazifiki mbali. D imejaa. Na ukitaka hijazi, ile ngazi ya Kiarabu ambayo mtunzi wa taarabu ataitaka tu mapema au baadaye, hijazi ya D inakaa vizuri mikononi: D, E-flati, F-shapu, G. Kutoka D kwenda E-flati ya chini, kidole kidogo kile kile kinabonyeza na kazi imekwisha. Lakini usimtoe C ya chini ukamrusha moja kwa moja hadi E-flati kwa kasi, maana kidole hicho kimoja kitalazimika kuteleza kutoka kitufe hiki hadi kile. Mpitishe kwenye D. Wala usimwambie apokezane haraka haraka C na C-shapu ya chini; kidole ni kimoja na noti ni mbili. Mambo madogo kama haya ndiyo yanayomwonyesha mpigaji kama mtunzi alikaa naye au alikaa na kompyuta.

Hili nalijua kwa uchungu. Kipande changu cha kwanza cha fluti pekee nilikitunga kwenye programu, na kompyuta ikakipiga chote bila kosa. Nilipompa mpigaji, aliupitia ukurasa wa kwanza kwa macho, akaniuliza kwa upole, "Hapa napumua wapi?" Hapakuwa na mahali. Tulikaa siku mbili tukikikata, na alipokipiga mbele ya watu kilikuwa bado na makovu ya ile mikato. Alistahili kazi bora kuliko ile, na mimi ndiye niliyekuwa na deni hilo kwake.

Basi tuje kwenye pumzi, na hapa usiharakishe.

Fluti hula hewa kuliko ala nyingi za kupuliza, kwa sababu hakuna kitu kinachoibana mdomoni. Zumari ina ulimi mwembamba ambao hewa hupenya kwa shida, na ndiyo maana wapiga zumari wetu huweza kujaza mashavu, wakavuta hewa kwa pua na kuendelea bila kukatika. Kwenye fluti hewa inatoka mbio, na sehemu yake hupita nje ya tundu bila kuwa sauti. Wako wanaoweza kupumua kwa mzunguko hata kwenye fluti, lakini usimjengee kijana kipande juu ya ufundi huo kama hana.

Kaa naye jioni moja na saa mkononi. Mwombe apige D ya chini kwa nguvu mpaka pumzi iishe, uandike sekunde. Kisha D hiyo hiyo kwa upole. Kisha A ya oktava ya pili, kwa nguvu na kwa upole, halafu noti moja ya juu. Wengi niliofanya nao kazi hawazidi sekunde 10 kwenye noti ya chini yenye nguvu, na wao hao hufika 20 na zaidi kwenye noti ya katikati ikipulizwa polepole. Za mpwa wako zitakuwa nyingine, na hizo zake ndizo unazozitafuta. Usimwambie ajikaze. Unataka pumzi yake ya siku ya kawaida, ukijua kwamba usiku wa kupiga, moyo ukimwenda mbio, itapungua.

Ukishakuwa na karatasi hiyo, acha kuhesabu vipimo vya muziki, hesabu pumzi. Wewe unatunga maneno pia, unaujua ubeti: mishororo 4, kila mmoja mizani 16, umekatwa katikati na kina. Uchukue mshororo kuwa pumzi moja. Pumzi pamoja na kimya kinachoifuata, tuseme ni sekunde 8 kwa wastani. Ubeti mmoja basi ni nusu dakika na kidogo. Beti 9 ni pumzi 36, karibu dakika 5. Usizidishe hapo. Dakika 5 za fluti peke yake ni nyingi, kwa masikio ya watu na kwa midomo ya mpigaji.

Sasa, wastani ni wa karatasini. Ukizifanya pumzi zote sawa, kipande kitalala. Mshororo wa kwanza uwe wa sekunde 3 tu, kama mtu anayepiga hodi. Wa pili uongeze. Mahali pamoja, labda ubeti wa 7, mpe pumzi ndefu kuliko zote, kwa upole, katika oktava ile ambayo saa yako imekuonyesha anadumu zaidi, imfikishe ukingoni mwa uwezo wake. Watu watasikia kuwa yuko ukingoni. Hapo ndipo kipande kinapokuwa chake yeye na si cha mwingine: atakapokuja mpigaji mwenye kifua kipana zaidi, atapita pale bila hatari yoyote, na kitu kitapungua.

Kina nacho kina kazi humu. Pumzi ya mwisho ya kila ubeti ishushe kwenye noti moja, kama kibwagizo kinavyorudi. Tuseme A. Beti nane zitue A, zikifika huko kwa njia tofauti kila mara. Msikilizaji asiyejua noti hata moja atalijua hilo bila kuambiwa, kwa sababu amelelewa na mashairi.

Lakini kabla hujaandika beti hata moja, kuna kitu cha kuvizia. Mpigaji anapoitoa ala yake na kuiunganisha, vidole vyake hupiga kitu fulani bila yeye kukusudia, kujaribu tu kama sauti ipo. Kila mtu ana kitu chake. Wengine hushuka noti tano, wengine hugusa noti moja na kuipinda. Washa simu urekodi kabla hajakaa vizuri, na usimwambie unarekodi nini. Kile alichopiga pale ndicho mwili wake unachokisema ukiachwa, na mimi ningekifanya mbegu ya kipande chote.

Sasa nije kwenye nai, ambayo katika barua yako umeitaja kama jambo la kupita. Kwangu mimi ndiyo habari kubwa. Kijana huyu ana ndimi mbili. Mwanzi wa nai hupulizwa kwenye ukingo wa mwisho wake, hewa husikika pamoja na sauti, na mpigaji huishusha na kuipandisha noti kwa kichwa na midomo. Bila shaka mwalimu wake wa Mombasa alimfundisha kuisafisha sauti hiyo ya hewa, na alifanya vyema, kwani huwezi kuchagua kitu ambacho huwezi kukiacha. Wewe sasa mruhusu airudishe, pale tu unapoitaka. Andika juu ya mstari "kama nai", na kwingine "safi". Yeye ataelewa kwa neno hilo moja kuliko kwa alama kumi.

Hapo hapo kuna swali la zile sauti za ngazi za rasti na bayati ambazo hazimo kwenye piano. Fluti nyingi za wanafunzi zina vitufe vilivyozibwa. Zile zenye vitufe vya matundu humwezesha mpigaji kufunua tundu kidogo kidogo kwa kidole na kupata sauti za katikati. Mwulize yake ni ya aina gani. Ikiwa ni ya kuzibwa, E ya bayati ataipata kwa kuuzungushia mdomo wa fluti ndani kidogo na kushusha midomo, jambo ambalo midomo ya mpiga nai inalijua tayari. Lakini sauti hupungua nguvu inapopindwa hivyo, na kwa kasi haiwezekani. Kwa hiyo bayati ipe nafasi moja au mbili, polepole, na mbio zote zibaki kwenye hijazi.

Neno moja la tahadhari, na ni la mtu anayekuheshimu. Usizichukue kaswida za maulidi zenyewe ukaziweka katika kipande cha onyesho. Chukua namna anavyopumua anapozipiga, chukua jinsi anavyosubiri matari yaanze. Lahani za kumsifu Mtume zina mahali pake, na wazee wa mji wana haki ya kuulizwa kwanza.

Watunzi wakubwa walifanya hivi hivi, kila mmoja akamtazama mtu wake. Mwaka 1913 Claude Debussy alimtungia Louis Fleury kipande kifupi cha fluti pekee kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, na mpigaji alikuwa nyuma ya jukwaa, haonekani. Georges Barrère alipopata fluti ya platini, alimwomba Edgard Varèse kipande cha kuizindulia, na mwaka 1936 Varèse akakipa jina kutokana na uzito wa madini hayo, 21.5, na humo vitufe hugongwa mpaka vikasikika kama ngoma ndogo. Toru Takemitsu wa Japani, alipomtungia Aurèle Nicolet mwaka 1971, alimfanya mpigaji atamke maneno ndani ya fluti. Sikutajii ili uwaige. Hizo sauti za kugonga vitufe, kuimba ukipuliza, kutetemesha ulimi kama anayesema "rrr", zote zipo na mpwa wako anaweza kujifunza, lakini kipande chenye zote ni sanduku la sampuli. Kama moja inamkaa, chukua hiyo moja.

Kwa Fleury, hata hivyo, ningekaa kidogo, kwa sababu umesema Ngome. Jengo lile, lililojengwa kati ya 1813 na 1821, lina ua ulio wazi juu na kuta nene pande zote, na ghorofani mtu anaweza kusimama bila kuonekana vizuri. Pumzi nne za kwanza azipige huko juu, kisha kimya kirefu cha kushuka ngazi, watu wasikie hatua zake, na ubeti wa pili uanzie uani. Kimya kile utakuwa umekitunga wewe kama ulivyozitunga noti.

Ila nyumbani kwenu kutamdanganya. Nyumba zetu za mawe zina vyumba vyembamba, kwa kuwa upana wake umefungwa na urefu wa boriti, na kuta za chokaa huirudisha sauti yote. Akifanyia mazoezi humo, oktava ya chini itamjia nene kama asali. Uani mwa Ngome hakuna dari, na ile D ya upole itapaa na kupotea kabla ya kufika safu ya nyuma. Kwa hiyo usianze na noti za chini za upole watu wakiwa bado wanatafuta viti. Anza katikati, na uteremke ukishawanyamazisha. Mazoezi ya mwisho yafanyike pale pale, saa ile ile.

Upepo pia uufikirie. Sauti ya fluti huzaliwa na ukanda mwembamba wa hewa unaogonga ukingo wa tundu, na upepo ukipita hapo unaukata. Kaskazi ikivuma, nyuma ya zile kuta atakuwa salama kuliko darini au ufukweni. Hata hivyo aupe upepo mgongo. Kuhusu saa, mji wa kale una misikiti zaidi ya 20, nawe huna haja ya kuambiwa: apige baada ya isha. Punda akilia katikati ya kimya, basi alie. Juu ya vimya virefu usiandike hesabu. Weka alama ya kusubiri, mpigaji aamue kwa alichokisikia usiku huo.

Joto huipandisha fluti kidogo, lakini hana udi wa kupatana nao, kwa hiyo lisikusumbue. Unyevu ndio adui, kwani vile viziba vya chini ya vitufe huvimba na kunata. Awe na karatasi nyembamba ya kusokotea sigara mfukoni ya kuvikaushia.

Namna ya kuandika: usimfunge kwa mistari ya vipimo. Amekua akijifunza kwa sikio, na miaka 4 ya noti haijafuta hilo. Andika kila pumzi kwenye mstari wake, kama mshororo, noti bila hesabu kali, ndefu kwa ndefu na fupi kwa fupi, na sekunde pembeni. Lakini isiwe taksimu, ule upigaji wa kubuni papo hapo. Taksimu ni yake, anaweza kuipiga bila wewe. Noti ziwe zako, zimeamuliwa, na uhuru umpe katika muda. Akikwambia kitu hakikai, mwamini upande wa vidole na pumzi, mbishie upande wa sauti. Ukurasa uwe mmoja au miwili inayokaa pamoja kwenye kinara cha noti, maana hana mkono wa tatu wa kufunua.

Na ijapokuwa ni mpwa wako, andikianeni mambo ya haki mapema. Kwa sheria ya Kenya utungo ni wako maisha yako yote na miaka 50 baada yako, na upigaji wake una haki zake yeye. Jina lake liandike chini ya kichwa cha kipande.

Mwisho wa kipande umenisumbua tangu nilipoisoma barua yako. Ubeti wa 9 usitue A. Ushuke mpaka ile D ya chini, kwa upole unaopungua. Sauti ya fluti ikipungua hujishukia yenyewe, na wapigaji hufundishwa kuinyanyua kwa midomo isianguke. Yeye mwache aiachie kidogo, kama nai, mpaka sauti iishe ibaki hewa, na hewa nayo iishe. Vidole visiondoke kwenye vitufe. Hapo andika kimya cha mwisho, na juu yake maneno haya: asishushe fluti mpaka ausikie mji.